Mchwa ndani ya nyumba: soma dalili kabla hujashika dawa

Karibu kila anayeulizia mchwa huanza na maneno yaleyale: "Jana palikuwa pazima." Mwimo wa mlango ulikuwa na rangi yake safi, mtoto akaugonga kwa kiti, mbao ikatoboka kama kadibodi. Ila mchwa hawakuja jana. Huenda wamo humo mwaka mzima au zaidi, wanakula kutoka ndani kuelekea nje, wanaacha utando mwembamba juu ili mwanga na hewa kavu visiwafikie. Muda huo wote walikuwa wakiacha alama, na alama hizo ndizo nimezipanga hapa, kwa namna watu wanavyozileta: nimeona hiki, ni nini?

Ombi moja kabla hatujaanza: usikimbilie kopo la dawa. Ukipulizia unachokiona, unaua mia kadhaa kutoka kwenye kundi linaloweza kuwa na maelfu kwa maelfu. Waliobaki wanahamia upande mwingine wa ukuta, na wewe umeshafuta ile alama ambayo ingekuonyesha walikotokea. Angalia kwanza, piga picha, ndipo uguse.

Utahitaji tochi yenye mwanga mkali, bisibisi bapa, karatasi nyeupe, penseli, mkanda wa gundi, na kichupa kidogo chenye spiriti cha kuwekea wadudu utakaowakamata. Kioo cha kukuzia kikiwepo ni vizuri zaidi, lakini kamera ya simu nayo inatosha.

Jua pia unatafuta mchwa gani. Duniani kuna aina kama 3,000 za mchwa, na nyingi hazina habari na nyumba yako: zinakula nyasi, majani makavu, samadi na miti iliyoanguka. Wanaosumbua nyumba wako mafungu mawili makubwa. Wapo mchwa wa ardhini, ambao makao yao yako udongoni na ambao hawawezi kuishi bila unyevu, kwa hiyo kila wanapotoka ardhini hujenga njia ya udongo ya kupitia. Na wapo mchwa wa mbao kavu, ambao hawana haja na udongo kabisa. Wanazaliwa, wanakula na kufia ndani ya mbao, iwe ni kabati, kitanda au kenchi ya paa. Tiba ya hawa haiwafai wale. Watu wengi hupoteza fedha hapo.

DALILI YA 1: Michirizi ya udongo ukutani au kwenye msingi

Hii ndiyo inayoripotiwa kuliko zote, na ndiyo iliyo wazi kuliko zote. Unaona mstari wa udongo, upana wake kama penseli, umepanda kutoka sakafuni au ardhini, mara nyingine umenyooka, mara nyingine una matawi kama mizizi.

Chanzo kikubwa ni mchwa wa ardhini. Ule mstari ni handaki: wanaupitia kwenda kwenye mbao na kurudi, gizani na penye unyevu.

Chanzo cha pili ni mrija wa zamani uliohamwa. Umekauka, unapukutika ukiguswa, ndani mtupu.

Cha tatu, mara chache, ni nyigu wanaofinyanga udongo. Viota vyao ni vibonge vifupi au vijirija vilivyolala pamoja, vina matundu ya mviringo, na viko juu kwenye kona au chini ya dari. Havianzii ardhini. Ukiona udongo usiogusana na sakafu wala ufa wowote, fikiria nyigu kwanza.

Ukaguzi rahisi: chagua mrija mmoja, ubomoe kipande cha sentimita 2 au 3 katikati, acha juu na chini vikiwa vizima. Chungulia kwa tochi. Kama wamo, utaona wafanyakazi wadogo weupe kama nta wakikimbia pande zote mbili. Subiri dakika chache. Askari mwenye kichwa cha rangi ya kahawia anakuja kusimama mdomoni mwa tundu, taya zimetazama nje, na nyuma yake wafanyakazi wanaanza kupachika vitonge vya udongo uliolowa, kimoja baada ya kingine, mpaka pengo linazibwa. Ukiwaona hivyo huna haja ya kuuliza tena.

Usipoona kitu, andika tarehe kwa penseli pembeni ya pengo na urudi baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Pengo likiwa limezibwa kwa udongo mbichi wenye rangi iliyokoza, wako kazini. Pengo likibaki wazi, njia hiyo imeachwa. Sikusema nyumba imeachwa. Mara nyingi wamehamia mrija mwingine usiouona, kwa hiyo kagua ukuta wote, nyuma ya makabati, chini ya ngazi, na penye bomba linaloingia sakafuni.

Hapo pa bomba kaa muda. Mchwa hawali zege, ila ufa wa milimita moja unawatosha kupita, na pale bomba la maji au la nyaya linapotoboa sakafu huwa pana uwazi mzunguko mzima. Sehemu nyingine wanayoipenda ni maungio ya sakafu na ukuta nyuma ya mbao za skatingi.

Hatua za kuchukua: tafuta unyevu na mbao zinazowavuta, uziondoe. Kuni zilizoegemezwa ukutani, maboksi yaliyorundikwa sakafuni stoo, mbao za kumwagia zege zilizofukiwa bila kutolewa, visiki karibu na msingi, bomba la mvua linalomwaga maji palepale pa ukuta, udongo wa bustani uliopanda mpaka ukagusa fremu ya mlango. Acha walau sentimita 15 za msingi zionekane wazi kati ya udongo na mbao yoyote. Hilo peke yake haliliui kundi, lakini tiba yoyote utakayofanya bila hilo itakuwa ya muda.

Niliwahi kusugua michirizi miwili nyuma ya kabati la vitabu, nikapaka rangi, nikaona nimemaliza. Miezi minane baadaye skrubu za mlango wa upande wa pili wa ukuta zilianza kuzunguka bila kukaza. Walikuwa wamegeuza njia tu. Tangu siku hiyo sifuti mrija kabla sijajua unatoka wapi na unakwenda wapi.

Simama umwite mtaalamu wa kudhibiti wadudu kama mirija iko hai na imeingia ndani ya nyumba. Kundi la mchwa wa ardhini haliishi ukutani kwako. Liko chini, na kulifikia kunahitaji dawa ya kuzunguka msingi au vituo vya chambo, yaani vikasha vyenye chakula kilichotiwa sumu ya polepole.

DALILI YA 2: Kumbikumbi ndani ya nyumba, au mbawa zilizotapakaa dirishani

Watu hushtuka sana wakiona kumbikumbi, na wakati mwingine bila sababu. Baada ya mvua, makundi yaliyokomaa huwarusha kwa wingi, nao hufuata taa. Wakiingia kwa dirisha lililo wazi usiku wakati taa ya sebuleni inawaka, hiyo inaonyesha kwamba kuna kichuguu au kundi mahali fulani jirani. Haionyeshi kwamba nyumba yako imeingiliwa.

Kinachotisha ni kumbikumbi wanaotokea ndani. Jiulize: madirisha yalikuwa yamefungwa? Mbawa zimerundikana upande wa ndani wa kioo, kana kwamba walikuwa wanatafuta kutoka? Kuna ufa ukutani, tundu kwenye fremu au ungio la sakafu ambalo wanachomoza moja kwa moja? Jibu likiwa ndiyo, kundi liko ndani au chini ya nyumba, na si changa, kwa sababu kundi huchukua miaka kadhaa kabla halijaweza kurusha kumbikumbi.

Kabla ya hapo lakini, hakikisha ni kumbikumbi kweli. Sisimizi nao huota mbawa na kuruka, na wanachanganywa kila siku. Mshike mmoja, mweke kwenye karatasi nyeupe. Kumbikumbi ana kiwiliwili kilichonyooka bila kiuno, vipapasio vya kichwani vilivyonyooka kama ushanga uliotungwa, na mbawa nne zenye urefu sawa, ndefu kuliko mwili wake. Sisimizi mwenye mbawa ana kiuno chembamba kama kilichofungwa uzi, vipapasio vilivyokunjika kama kiwiko, na mbawa za mbele ni kubwa kuliko za nyuma. Ukikuta mbawa peke yake bila wadudu, zipange karatasini: zikiwa zote sawasawa kwa urefu, ni za kumbikumbi. Wao huzikata wenyewe mara wanapotua, kisha wawili wawili hutafuta mahali pa kuanzisha makao.

Nini cha kufanya usiku huo? Zima taa, wafagie au wafyonze kwa mashine, weka wachache kwenye spiriti, na ziba tundu wanalotokea kwa mkanda wa gundi baada ya kulipiga picha. Kupulizia dawa hewani hakusaidii kitu. Hao wenye mbawa hawali mbao zako, na wengi wao hufa wenyewe kwa kukauka.

Wakitokea ndani mara mbili au zaidi, au wakitokea kwenye fremu au sakafu, usingoje dalili ya tatu. Ita mtu.

DALILI YA 3: Chengachenga kama mchanga zinaanguka kutoka kwenye samani au dari

Unafagia chini ya kabati leo, kesho kirundo kimerudi palepale. Hapa vyanzo ni vingi na majibu yanatofautiana sana, kwa hiyo usikisie. Chukua kidogo kwenye karatasi nyeupe, tazama kwa kioo cha kukuzia, kisha sugua katikati ya vidole.

Kama ni punje ngumu zinazoteleza kama mchanga, ni kinyesi cha mchwa wa mbao kavu. Kila punje ina urefu wa kama milimita moja, ncha zake ni za mviringo, na ubavuni ina pande sita zilizobonyea kidogo, kama pipa dogo lenye mbavu. Zinaweza kuwa za rangi ya krimu, kahawia au nyeusi, mara nyingine zote zimechanganyika kwenye kirundo kimoja. Hakuna mdudu mwingine wa mbao mwenye kinyesi cha umbo hilo, kwa hiyo ukiona pande sita, umepata jibu. Juu ya kirundo tafuta kitundu cha milimita 1 au 2. Ndicho wanachokitumia kusukuma uchafu nje, halafu wanakiziba.

Kama ni unga laini kama poda, na mbao ina matundu madogo ya mviringo mengi, mbao hiyo imebunguliwa na vidudu wa jamii ya mbawakawa. Lava wao, yaani watoto wenye umbo la kiwavi, ndio wanaokula ndani, na matundu unayoyaona ni ya wakubwa waliokwisha kutoka. Matundu yakiwa ya zamani, ndani meusi na hayamwagi unga, huenda hakuna kilicho hai. Gonga mbao, weka karatasi chini, angalia baada ya wiki mbili kama unga mpya umeanguka.

Kama ni nyuzinyuzi za mbao zilizochanganyika na vipande vya wadudu, miguu na vichwa, huenda ni sisimizi wanaochimba makao kwenye mbao. Hawa hawali mbao, wanaitupa nje tu. Vijia vyao ni laini ndani kama vimepigwa msasa, na karibu kila mara mbao hiyo ilishalowa kabla hawajafika.

Tundu moja kubwa la mviringo, pana kama kidole, chini yake kuna machujo ya mbao? Huyo ni nyuki anayetoboa mbao kavu, mara nyingi kwenye papi za nje. Ni tatizo dogo.

Tiba ya mchwa wa mbao kavu inategemea wamefika wapi. Wakiwa kwenye kitu kimoja kinachobebeka, kiondoe ndani kwanza. Kitu kidogo, mfano sanduku au fremu ya picha, kinaweza kufungwa vizuri kwenye nailoni na kuwekwa kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Kipande cha mbao kinachoweza kubadilishwa, kibadilishe, na cha zamani kichome au kipeleke mbali. Joto nalo linawaua, ila linatakiwa lifike moyo wa mbao, nyuzi 50 hivi kwa zaidi ya nusu saa, na kulifikisha huko bila kupasua mbao au kuwasha moto ni kazi ya wenye vifaa. Kuanika kabati juani mchana mmoja hakutoshi.

Wakiwa kwenye kenchi, au kwenye mbao tatu nne za vyumba tofauti, hapo ni kufukiza nyumba nzima kwa gesi, na hiyo haifanywi na mtu asiye na leseni. Gesi ya kufukizia huua watu. Asiruhusiwe mtu yeyote kulala ndani, hata chumba cha mbali, mpaka aliyefukiza apime hewa na kukabidhi nyumba.

Makundi ya mchwa hawa ni madogo, maelfu machache tu, na hula polepole. Hiyo ndiyo hatari yao. Bandubandu huisha gogo, na kwa sababu hakuna mrija wa udongo wa kukushtua, zile punje unazozifagia kila asubuhi ndizo onyo la pekee utakalolipata.

DALILI YA 4: Mbao inalia tupu, inabonyea au inatoboka

Gonga mbao kwa mpini wa bisibisi, kuanzia ncha moja hadi nyingine. Mbao nzima inalia sauti nzito iliyoshiba. Iliyoliwa inalia kama boksi. Ukifika pale sauti inapobadilika, sukuma ncha ya bisibisi taratibu. Ikizama bila nguvu, fungua kidogo uone ndani, kwa maana ndani ndiko mdudu anakoandika jina lake.

Mchwa wa ardhini hula sehemu laini kufuata nyuzi za mbao na kuacha zile ngumu, kwa hiyo ndani panafanana na kurasa za kitabu kilicholowa, tabaka kwa tabaka, zimepakwa udongo. Mchwa wa mbao kavu hukatiza nyuzi ovyo, vyumba vyao ni visafi, havina udongo, na vimejaa zile punje. Mbao iliyooza kwa unyevu haina vijia. Inakatika vibonge vya mraba, au inachambuka nyuzi nyeupe, na inanuka uvundo.

Kuoza na mchwa hukutana mara nyingi sana. Ukikuta mbao imeoza usifunge mjadala hapo, na ukikuta mchwa wa ardhini, tafuta maji yanatoka wapi.

Simama kabisa kama mbao inayobonyea inabeba uzito: boriti, nguzo, kenchi, mbao za ngazi, mbao za sakafu ya ghorofa. Usiipasue zaidi ili "uone mwisho wake". Usipande juu ya silingi kutembea kwenye mbao usizojua uzima wake. Ondoa watu na vitu vizito chini yake, na umwite mhandisi au fundi seremala mwenye uzoefu wa paa akague kabla hata ya mtu wa dawa. Kuna wanaotibu mchwa vizuri kabisa na kuacha boriti iliyobaki ganda. Mchwa wakifa, mbao hairudi.

DALILI YA 5: Rangi imevimba, plasta ina doa au mstari

Hapa chanzo cha kwanza ni maji. Bomba linalovuja ndani ya ukuta, bafu la upande wa pili, paa linalopitisha mvua, unyevu unaopanda kutoka kwenye msingi. Funga mabomba yote, soma mita ya maji, isome tena baada ya saa mbili bila kutumia maji. Namba ikisogea, kuna mahali panavuja. Shika pale palipovimba: pakiwa na ubaridi na unyevunyevu, fuata maji.

Chanzo cha pili ni rangi mbovu au plasta iliyopakwa rangi kabla haijakauka.

Cha tatu ni mchwa. Kwenye mbao iliyopakwa rangi, uvimbe wao huwa mrefu na umefuata mkondo, na ukiubonyeza kwa ukucha unapasuka kama ganda la yai. Ndani kuna udongo. Kwenye silingi ya jipsamu wanakula karatasi ya juu, nawe unaona vistari vyembamba vilivyotitia, au vitundu vidogo vilivyozibwa kwa udongo. Mulika tochi ukiilaza karibu na ukuta badala ya kuielekeza usoni pake. Mwanga wa pembeni unaonyesha kila kilima na kila bonde.

Onyo kuhusu umeme: udongo ukitokea kwenye soketi au swichi, usichokonoe. Mchwa hupenda kupita kwenye mabomba ya nyaya, na udongo wanaouleta huwa umelowa. Zima umeme kwenye swichi kuu na umwite fundi umeme afungue. Usipulizie dawa ya maji wala ya mafuta ndani ya soketi.

DALILI YA 6: Mlango unakwama, dirisha halifungi, sakafu inabonyea

Mara nyingi si mchwa. Mbao hujaa majira ya mvua na kupungua wakati wa kiangazi. Bawaba hulegea. Msingi hukaa na kuvuta fremu. Yachunguze hayo kwanza.

Kinachonifanya nishuku mchwa ni vitu viwili: mlango ulioanza kukwama wakati wa ukame, na skrubu za bawaba zinazozunguka bila kushika. Chomoa skrubu moja. Ikitoka na udongo kwenye meno yake, au tundu likamwaga punje, rudi kwenye dalili ya 4 na ugonge fremu yote, hasa sentimita 30 za chini zinazogusa sakafu.

Sakafu ya mbao inayobonyea chini ya mguu ni suala la kusimama na kuita mtu, sababu iwe yoyote ile.

DALILI YA 7: Sauti ndani ya ukuta usiku

Panya kwanza, mabomba yanayopoa pili, mbao zinazojinyoosha joto likishuka tatu. Hata hivyo mchwa wanasikika kweli: askari wakishtuliwa hugonga vichwa kwenye mbao kuwatahadharisha wenzao, na sauti hiyo ni mchakacho mkavu na wa haraka, kama mtu anayetikisa punje za mchele kwenye karatasi. Gonga ukuta mara moja, bandika sikio. Ikijibu halafu ikanyamaza, tafuta dalili nyingine mahali hapo. Sauti peke yake isikufanye ubomoe ukuta.

DALILI YA 8: Nilipiga dawa, wamerudi

Kuna sababu nne ninazokutana nazo, na nazipanga kwa wingi wake.

Dawa ilipuliziwa juu juu. Dawa nyingi za makopo zinawafukuza: wanaisikia, wanaikwepa, wanatokea chumba cha pili. Zinazofanya kazi vizuri zaidi udongoni ni zile wasizozitambua, kwa mfano zenye kiambato cha fipronil au imidacloprid. Wanapita juu yake bila kujua na kuambukizana wenyewe kwa wenyewe. Chambo nacho hufanya kazi taratibu: viambato kama hexaflumuron huwazuia kujivua gamba, na kundi huisha baada ya miezi. Usikate tamaa wiki ya pili, na usipulizie dawa nyingine karibu na vituo vya chambo, kwa sababu utawafukuza wasikile.

Sababu ya pili ni kwamba kizuizi cha dawa kina pengo. Kilipita nyuma ya nyumba na mbele, kikaruka veranda au choo kilichoongezwa baadaye. Pengo la mita moja ni mlango. Au kulikuwa hakuna pengo, kisha mtu akachimba bustani au mtaro na kukoroga udongo uliotibiwa.

Ya tatu ni unyevu haukuguswa. Bomba bado linavuja.

Ya nne ni tiba ya ardhini iliyofanywa kwa mchwa wa mbao kavu. Hapo hata dawa iwe bora namna gani, haiwagusi. Kile kichupa cha spiriti chenye wadudu wawili watatu, ikiwezekana na askari mmoja ndani, kingeizuia kasoro hiyo.

Kuna mambo nakusihi usiyafanye hata ukiwa umechoka nao. Usimwage petroli, mafuta ya taa wala oili chafu kwenye msingi au matundu. Unaweka moto ndani ya nyumba na sumu kwenye udongo, na kundi la chini halifikiwi. Usinunue dawa isiyo na lebo hata kama muuzaji anaisifu kwamba "ni ile kali ya zamani". Dawa za zamani za mchwa, aldrin, dieldrin na chlordane, ziliwekwa kwenye Mkataba wa Stockholm wa 2001 kwa sababu zinakaa udongoni miaka mingi na kujikusanya mwilini. Usitoboe sakafu kuingiza dawa kama hujui mabomba na nyaya zimepita wapi. Na kama kuna kisima karibu na nyumba, usitie dawa udongoni mwenyewe, hata kikombe kimoja. Acha mtaalamu aamue umbali na njia.

Akija, mwonyeshe picha, kichupa, na zile tarehe ulizoandika ukutani. Mwulize: ni mchwa wa aina gani, na amejuaje? Dawa yake ina kiambato gani, na lebo iko wapi? Atapita kila upande wa msingi, au kuna sehemu hawezi kufika? Atarudi lini kukagua? Anayetaja bei kabla hajagonga mbao hata moja, mshukuru na utafute mwingine.

Kazi ikiisha, bomoa tena sentimita 2 za kila mrija uliobaki, andika tarehe mpya pembeni, na usipake rangi bado. Kagua baada ya mwezi, kisha baada ya miezi mitatu, na kila mvua za kwanza zinapopita. Mapengo yakibaki wazi mzunguko huo wote, hapo ndipo sugua michirizi na ufungue kopo la rangi.